Wingu si LUKU: tatizo la "lipa kadri unavyotumia"

Jedwali la nne la tasnifu yangu ya uzamili lilikuwa na uongo ndani yake, na zilibaki wiki tatu tu uongo huo uwafikie watahini. Sikuukusudia. Niliuandika kwa mkono wangu nikiuamini kabisa, kwa sababu namba zilitoka kwenye mashine, na sisi watu wa sayansi tuna udhaifu mmoja: namba ikitoka kwenye mashine tunaiamkia shikamoo.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilikuwa na rekodi za sauti za msitu wa Uluguru, upande wa mashariki juu ya Kinole, ambako mvua hainyeshi kwa ratiba, inanyesha inapojisikia. Vinasa sauti vitano, saa sita kwa siku, siku thelathini. Piga hesabu: saa 900 za sauti. Nilikuwa namtafuta ndege mmoja, Malaconotus alius, ambaye hapatikani popote duniani ila kwenye milima hii ninayoiona kila asubuhi nikifungua dirisha. Anakaa juu kabisa kwenye vilele vya miti, kwa hiyo anasikika kuliko anavyoonekana. Kuzisikiliza saa 900 kwa masikio yako mwenyewe ni kazi ya miezi mitano ya ofisini. Nikawa na programu mbili za kumtambua, tuziite A na B, na swali langu lilikuwa la kawaida tu: ipi inamfaa mtu wa hifadhi mwenye bajeti ndogo?

Laptop yangu haikuweza. Nikafanya wanachofanya wengi wetu: nikakodi seva ya wingu, ile ya bei ya chini, inayolipiwa kwa saa. Nikapandisha sampuli ya saa 100 za sauti. A niliiendesha Jumapili, ikachukua wastani wa dakika 4 kwa kila saa ya sauti. B niliianza Jumatatu saa 2 asubuhi, ikaja kumaliza saa 8 na dakika 20 usiku: dakika 11 kwa kila saa ya sauti. Nikaandika kwa kujiamini kwamba B inahitaji karibu mara tatu ya muda wa A, na kwamba mtu wa hifadhi achague A.

Msimamizi wangu ni mtu wa maneno machache. Alilitazama jedwali, akaniuliza:

"Kijana, hii B umeiendesha mara ngapi?"

"Mara moja, Profesa."

"Rudia. Kwenye kompyuta ya maabara."

Kompyuta ya maabara ni ya zamani na ina vumbi kuliko stendi ya Msamvu wakati wa kiangazi. Lakini haina mpangaji mwingine. Pale A na B zilitofautiana kwa chini ya sehemu moja ya kumi. Na B ndiyo iliyokuwa inawakosa ndege wachache zaidi. Yaani ningewashauri watu wa hifadhi wachukue chombo kibovu, kwa ushahidi wa namba mbili zilizotegemea siku ya wiki.

Ndege tumwache hapo kwa leo. Nataka tuzungumze kuhusu jirani aliyekuwa anatumia prosesa yangu ile Jumatatu, kuhusu mwenye nyumba aliyetuweka chumba kimoja bila kutuambia, na kuhusu lile tangazo lililonifanya nikodi.

Gesti, si mita

Tangazo lilisema "lipa kadri unavyotumia". Mtanzania yeyote akisikia maneno hayo anasikia LUKU, kwa sababu ndiyo kirefu chake: Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Na hata darasani tunafundishana hivyo hivyo. Mimi mwenyewe niliwahi kusimama mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza nikasema wingu ni kama LUKU, unatumia ndipo unahesabiwa. Naliomba radhi darasa lile. Mfano ule ni mbovu, na umebovuka pale pale unapotakiwa kusaidia.

Mita ya LUKU inapima kitu kilichopita kwenye waya. Ukizima taa, namba inasimama. Mashine pepe ya kukodi haipimwi hivyo. Unachonunua ni ahadi: prosesa pepe mbili na gigabaiti nne za memori, kwa kila saa ambayo ahadi hiyo imeandikwa jina lako. Prosesa ikifanya kazi kwa asilimia 100 au ikilala usingizi, saa ni saa. Kwa baadhi ya watoa huduma hata ukiizima mashine hesabu inaendelea. DigitalOcean, kwa mfano, inaeleza wazi kwenye nyaraka zake kwamba mashine iliyozimwa inaendelea kulipiwa mpaka uifute kabisa, kwa kuwa nafasi yake bado imeshikwa. Kwa Amazon ukiisimamisha mashine ya kawaida, prosesa hulipii tena, ila diski yake unaendelea kuilipia.

Hiyo ni gesti. Ulale usilale, chumba umekichukua. Na sina ugomvi na gesti, mtu anajua anacholipia. Ugomvi unaanza pale mwenye gesti anapogundua kwamba wageni wake wengi wanashinda mjini, akaanza kupangisha vitanda vyao mchana kwa watu wengine, huku bango la nje bado linasema "lipa kadri unavyolala".

Kitaalamu jambo hili ni kuahidi kupita uwezo. Kabla hujakasirika, tufanye hesabu, kwa sababu hesabu yake ni nzuri kweli.

Chukua seva moja halisi yenye viini 10 vya prosesa. Ina wateja 40, na kila mmoja ameahidiwa kiini kimoja. Kila mteja anakihitaji kiini chake moja ya kumi tu ya muda, na muda uliobaki mashine yake inasubiri mtu abofye kitu. Kwa wastani, viini vinavyohitajika kwa wakati mmoja ni 4. Je, mara ngapi watahitajika zaidi ya 10 kwa pamoja? Ukiipiga kwa kanuni ya uwezekano tuliyosoma kidato cha sita unapata takriban asilimia 0.15. Kwenye mwaka wenye saa 8,760 hiyo ni kama saa 13. Umeuza viini 40 ukiwa na 10, na kwa mwaka mzima watu wako watabanana kwa saa 13 tu.

Huo siyo wizi. Bila hesabu hiyo tungelipa mara kadhaa zaidi kwa viini vinavyolala huku vikila umeme. Google yenyewe, kwenye makala ya mwaka 2015 kuhusu mfumo wake wa ndani uitwao Borg, ilieleza kwamba kwenye kundi la mashine la wastani karibu moja ya tano ya kazi zote zilikuwa zinaendeshwa kwa rasilimali walizotengewa wengine ila hawakuzitumia. Wazo lenyewe ni kongwe. Mwaka 1909 Mdenishi Agner Krarup Erlang aliandika hesabu za namna hii kwa ajili ya simu za Copenhagen: waliojiandikisha ni wengi, laini ni chache, je, ziwe ngapi ili watu wasichoke? Kampuni zote za simu duniani zimekula kwa hesabu ya Erlang tangu hapo.

Ila angalia neno moja nililolipitisha kimya kimya. Nimechukulia kwamba wateja wale 40 hawategemeani. Mmoja kuwa na kazi hakuhusiani na mwingine kuwa na kazi. Sasa ibadilishe siku. Ni mwisho wa mwezi, au ni siku ya mwisho ya kutuma maombi ya mkopo wa elimu ya juu, au matokeo ya kidato cha nne yametangazwa na taifa zima limeshika simu. Uwezekano wa kila mteja kuhitaji kiini chake unapanda kutoka moja ya kumi hadi tatu ya kumi. Hauhitaji zaidi ya hapo. Wastani unakuwa viini 12 kwenye seva yenye 10, na muda wa kubanana unaruka kutoka asilimia 0.15 hadi karibu asilimia 69. Mahitaji yamepanda mara tatu, msongamano umepanda zaidi ya mara mia nne.

Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi zaidi kuliko wateja wa Virginia. Kampuni kubwa ina wateja kuanzia Chile mpaka Japani. Tokyo wakilala, Santiago wameamka, na wastani unajitengeneza wenyewe. Kampuni ndogo yenye kabati moja la seva, inayotuuzia sisi tu tunaokula ugali saa moja na kukimbizana na tarehe za mwisho zile zile, haina bahati hiyo. Kihesabu, inapaswa kuahidi kidogo zaidi kuliko wakubwa. Kibiashara, ndiyo iliyo na shinikizo kubwa zaidi la kuahidi kupita kiasi, kwa sababu kila kiini kinacholala kinauma. Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taasisi nyingi zina sababu nzuri ya kutafuta seva za ndani ya nchi. Naliunga mkono hilo. Ndiyo maana nataka swali la "mmeahidi mara ngapi?" liulizwe mapema.

Birika

Sasa nirudi kwenye LUKU, kwa sababu ndiyo inayoumbua wingu vizuri kuliko hoja nyingine yoyote.

Chukua siku ambayo umeme umeshuka. Badala ya volti 230 unapata 180. Ukiweka birika, nguvu yake inashuka hadi karibu asilimia 61, maana inafuata mraba wa volti. Chai itachelewa. Utasimama jikoni ukilalamika. Lakini angalia mita: nayo imepunguza mwendo. Ili lita ile ya maji ichemke unahitaji joto lile lile, kwa hiyo ukimaliza utakuta yuniti ulizotumia ni karibu zile zile za siku ya kawaida, labda zimezidi kidogo kwa joto lililopotea njiani. (Taa za LED na chaja za simu ni habari nyingine, zina vifaa vya ndani vinavyojirekebisha.) Umepoteza muda, hujapoteza hela.

Kwenye seva ya kukodi birika linapochelewa, mita haipunguzi mwendo hata kidogo. Inahesabu saa. Kazi ileile ikichukua muda mara mbili, umelipa mara mbili.

Kwa namba zangu: saa 900 za sauti kwa dakika 4 kila moja ni saa 60 za seva. Kwa dakika 11 ni saa 165. Bei ilikuwa kama shilingi 100 kwa saa, kwa hiyo ni 6,000 dhidi ya 16,500. Utasema shilingi 10,500 ni chipsi kuku na soda. Sawa, kwangu ilikuwa hivyo. Lakini itazame pesa ilikoelekea. Mwenye seva ndiye aliyejaza wapangaji kupita uwezo. Kwa sababu alijaza, kazi yangu ilichelewa. Kwa sababu ilichelewa, nilimlipa zaidi. Kosa ni lake, malipo ni yake.

Simu za Erlang hazikuwa na aibu hii. Laini zikijaa ulisikia mlio wa "ina shughuli", ukakata, na hukutozwa. Mlio ule ulikuwa taarifa: umenyimwa, jaribu baadaye. Hata daladala ya Kihonda ikijaza unaona kwa macho. Unaamua kupanda ukaning'inia au kusubiri nyingine, na nauli ni ile ile hata mkikwama njiani nusu saa. Wingu linakuning'iniza bila wewe kujua umening'inia, kisha linakutoza kwa dakika.

Sisemi kuna mtu amekaa ofisini anawachelewesha wateja makusudi. Haihitajiki nia mbaya. Inatosha kwamba kwenye hesabu zake hakuna mstari unaoshuka pale wateja wanapobanana, na upo mmoja unaopanda.

Je, inawezekana kutoza tofauti? Inawezekana, na imeshafanyika. Mwaka 2023 Cloudflare ilibadilisha bei za huduma yake ya Workers ikaanza kutoza muda ambao prosesa imefanya kazi kweli, si muda wa kusubiri. Kwa mtindo huo, jirani akikusukuma pembeni, mita yako inasimama mpaka zamu yako irudi. Kama birika. Tofautisha na Lambda ya Amazon, ambayo inasifiwa kwa kutoza kwa milisekunde: ni kweli kipimo ni kidogo, lakini kinachopimwa bado ni muda uliopita tangu kazi ianze hadi iishe, kusubiri kukiwemo. Kukata saa vipande vidogo vidogo hakuifanyi saa kuwa yuniti.

Mashine tunazozidharau

Nina pongezi moja, na najua wengine watanicheka. Mashine nyoofu kuliko zote kwenye rafu ni ile ndogo ambayo kila mtu anaikimbia baada ya mwezi mmoja: familia ya T ya Amazon, hasa T2 iliyotoka mwaka 2014.

Itazame t2.micro. Haikuahidi kiini kizima. Inakuambia bila kuficha kwamba una asilimia 10 ya prosesa pepe moja. Kila saa unapewa kredit 6, na kredit moja ni dakika moja ya kukimbia kwa nguvu zote. Usipozitumia zinajilimbikiza hadi 144. Zikiisha, unarudi kwenye asilimia 10 yako. Watu wanalalamika kwamba "imekufa" baada ya dakika chache za kazi nzito. Haijakufa, imekupa ilichoandika. Sakafu inajulikana, deni linaonekana kwenye grafu, na unaweza kupanga kazi yako kama mkulima wa Mgeta anayejua zamu yake ya mfereji ni lini.

(Kuna mtego, nao usiurukie. Toleo lililofuata, T3, linakuja likiwa limewekwa hali ya "bila kikomo". Kredit zikiisha mashine haipungui kasi. Inaendelea kukimbia na ziada inatozwa, senti 5 za dola kwa kila prosesa pepe kwa saa ukiwa unatumia Linux. Kwa mtu anayelipa kwa kadi yenye hela ya chakula, badilisha hali hiyo siku ya kwanza.)

Linganisha na maneno yaliyokuwa kwenye ukurasa wa mashine niliyokodi mimi: "prosesa pepe 2, za kushirikiana". Za kushirikiana na nani? Wangapi? Nikibanwa kabisa, nabaki na kiasi gani? Hakuna. Nilipowaandikia kuuliza, nikajibiwa kwamba upande wao kila kitu kiko sawa. Naamini. Kwa upande wao kilikuwa sawa kabisa.

Na hata hilo neno "prosesa pepe" lina mkunjo. Kwenye mashine nyingi za Intel zinazokodishwa, prosesa pepe moja ni nusu ya kiini: kiini kimoja halisi kimefunguliwa njia mbili za kazi, na kila njia inauzwa kama moja. Prosesa pepe mbili kwa kawaida ni kiini kimoja. Nyaraka za Amazon zinalisema hili wazi. Mabango ya wauzaji wadogo hayalisemi, na mwanafunzi anayelinganisha "mbili" za wingu na "mbili" za laptop yake analinganisha embe na kokwa.

Memori nitaipitia haraka, kwa sababu tabia yake ni nyingine. Prosesa ukiibana inachelewa. Memori huwezi kuichelewesha, ama ipo ama haipo. Hata hivyo nayo huahidiwa kupita uwezo. Carl Waldspurger wa VMware alieleza mwaka 2002 mbinu ya kuchekesha sana: ndani ya mashine ya mpangaji unawekwa mpira, na mwenye nyumba akihitaji memori anaupuliza mpira huo ujae, mpangaji anajibana mwenyewe na kuachia nafasi. Linux nayo ina desturi hiyo ndani ya mashine yako mwenyewe. Programu ikiomba gigabaiti 6 kwenye mashine ya 4 inaweza kuitikiwa "ndiyo", kwa matumaini kwamba haitazigusa zote. Ikizigusa, kuna kipande cha mfumo ambacho kazi yake ni kuchagua programu ya kuua. Mara nyingi kinachagua kubwa kuliko zote, yaani ile uliyoikodia mashine. Yangu iliuawa saa 8 usiku. Niligundua saa 1 asubuhi. Saa tano za maiti nililipia.

Na kama bado unaona LUKU na wingu ni ndugu, kumbuka tarehe 12 Mei 2024. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kwenye pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikadorora vibaya. Mtu mwenye seva Ulaya hakuweza kuifikia, si kuitumia wala kuizima. Mita ya wingu haikujua kwamba kuna waya umekatika. Iliendelea tu.

Kama unakodi wiki hii

Ukiwa kwenye Linux, fungua programu ya `top` na utazame mstari wa prosesa, namba ya mwisho kabisa yenye herufi `st`. Hizo herufi zinasimama kwa muda ulioibwa. Sijalitunga mimi jina hilo. Ndivyo watengenezaji walivyouita muda ambao mashine yako ilikuwa na kazi, ikawa tayari, lakini prosesa amepewa mwingine. Niliporudia B siku nyingine ya Jumatatu nikiwa nimeifungua, namba ile ilikuwa inacheza kati ya 55 na 65. Theluthi moja na ushee ndiyo niliyobakiziwa. Fanya hesabu: dakika 4 zikigawanywa kwa asilimia 36 ni dakika 11. Kitendawili chote kiliteguliwa na herufi mbili nilizokuwa naziona kila siku nikidhani ni pambo.

Ila usiitegemee kupita kiasi. Namba hiyo inaonekana tu kama mwenye seva ameruhusu ionekane. Sifuri inaweza kumaanisha huna jirani msumbufu, au una jirani na pazia.

Kwa wanaoandika tasnifu: tuache kuripoti muda wa saa ya ukutani kutoka kwenye mashine ya kushirikiana kana kwamba ni sifa ya programu. Nimepitia upya makala kadhaa nilizozinukuu kwenye sura ya pili, na nyingi zinasema tu "tuliendesha kwenye wingu, prosesa pepe 4", kisha linafuata jedwali la sekunde zenye desimali mbili. Desimali mbili, jamani, za kitu kinachobadilika kwa mara tatu kati ya Jumapili na Jumatatu. Amri ya `time` inakupa muda wa ukutani na muda wa prosesa yako kando kando. Andika vyote viwili. Huo wa prosesa nao si msafi kabisa, sababu ya zile nusu viini, lakini angalau unaweza usikuhesabie usingizi wa kulazimishwa. Endesha A na B kwa kupokezana, A kisha B kisha A kisha B, siku tofauti, ili jirani akiwasumbua awasumbue wote. Mara kumi si nyingi.

Kwa wanaosaini mikataba ya vyuo na ofisi, maswali yangu ni mafupi. Kiini kimoja halisi mmekiuza kwa watu wangapi? Tukibanwa, sakafu yetu ni asilimia ngapi? Na saa ambazo tumekaa chini ya sakafu hiyo, nani anazilipa? Muuzaji anayejibu la kwanza kwa namba tayari ni wa kukaa naye mezani. Kama la tatu linamfanya abadilishe mada, mwombe arudie.

Jedwali la nne sasa lina safu mbili zaidi, na chini yake kuna maelezo ya mistari mitano kwa maandishi madogo ambayo mtahini mmoja alisema ni marefu mno. Vinasa sauti vitarudi juu ya Kinole masika yakiisha. Safari hii tunaendesha B, kwenye ile kompyuta ya vumbi.